Msimu wa Baridi Nyumbani kwa Wifi

Mama mmoja wa kanisani kwetu aliniuliza ile miezi ya baridi niliyokaa Houston nikiugua ilikuwaje. Nikamjibu kwamba ilikuwa mizuri. Alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo dawa zimenipanda kichwani. Sikumlaumu. Lakini nilisema kweli, na kwa kuwa wapo wengine ambao sasa hivi wameambiwa habari kama niliyoambiwa mimi, nimeona nieleze vizuri nilikuwa na maana gani.

Naitwa Sekela. Nyumbani ni Tukuyu, ambako mama yangu alikuwa na duka dogo la vifaa vya shule karibu na soko. Nimekulia katikati ya madaftari, penseli, rula na chupa za wino. Hadi leo nikifungua daftari jipya lazima kwanza nilinuse. Hapa Mansfield, karibu na Dallas, ninapoishi na mume wangu Lusajo na binti yetu Atupele, droo zangu zimejaa madaftari ambayo hayajaandikwa kitu, bahasha za rangi, na kalamu za wino ambazo nibu zake hazijagusa karatasi. Lusajo hunitania kwamba nanunua kama mtu anayetaka kufungua shule. Siku zote nilisema nitaandika nikipata nafasi. Lakini nilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno, jioni kuna kupika, Jumamosi kuna kufua, Jumapili kuna kanisa. Nafasi haikupatikana.

Ilikuja na uvimbe shingoni.

Walisema ni saratani ya tezi za limfu. Nilianza dripu za dawa wakati wa joto kali, lile la Texas ambalo ukigusa mlango wa gari unaungua, nami nilikuwa nakwenda hospitali nimevaa sweta na soksi nene. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na televisheni ambayo kila mara ilikuwa kwenye vipindi vya mapishi. Watu tumekaa pale matumbo yanatuchafuka, huku mtu anakaanga vitunguu. Kuna mzee mmoja, Mmarekani mweupe mwenye kofia pana, aliyekuwa akiniwekea kiti mbali na hiyo televisheni. Hatukuwahi kuulizana majina. Nikiingia anaondoa kofia yake juu ya kiti, nakaa. Mara moja alikuja bila kofia, nami nikaondoa mkoba wangu kwenye kiti, akakaa.

Zile dawa ziliniachia ganzi vidoleni. Vikombe vilinidondoka. Vifungo vya blauzi nilifungiwa na Lusajo, ambaye ana vidole vinene na papara nyingi, na mara nyingi nilifika kliniki upande mmoja umezidi mwingine. Tulicheka. Lakini siku niliyotaka kusaini karatasi ya shule ya Atu, kalamu ikateleza ikachora mstari hadi mwisho wa ukurasa, sikucheka. Mwandiko wangu ulikuwa kitu nilichojivunia. Nyumbani nilikuwa ndiye wa kuandikia watu kadi za harusi.

Majani yalipoanza kuanguka tuliambiwa dawa hazikumaliza kazi. Daktari alisema niende Houston, nipewe dawa kali zaidi, kisha nirudishiwe seli zangu mwenyewe ambazo wangezitoa kwanza na kuzihifadhi. Baada ya hapo ningetakiwa kukaa karibu na hospitali msimu mzima wa baridi, nikiwa na mtu wa kuniangalia. Lusajo hakuweza kuacha kazi, kwa sababu bima yetu ya afya ilitegemea kazi yake. Atu alikuwa na shule. Tulikaa mezani, wote watatu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja jina lililokuwa vichwani mwetu.

Wifi Tumpe.

Ni dada mkubwa wa Lusajo, nesi, anaishi peke yake Pearland, pembeni mwa Houston, tangu watoto wake waende chuo. Mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana, lakini kupendana ni kitu kingine. Akija kwetu hupitisha kidole juu ya friji. Siku ya harusi yangu aliniambia wali wa kwetu una maji. Alipopata habari alinipigia simu mwenyewe.

"Wifi, utakuja kwangu."

"Wifi, sitaki kukusumbua. Una kazi zako."

"Sijakuuliza kama unataka. Nimeshatoa zulia chumbani, nimepiga dawa kuta. Lusajo akulete Jumapili."

Siku za hospitali nitazipita haraka, maana sizikumbuki vizuri na ninazozikumbuka hazimsaidii mtu. Mdomo uliota vidonda hadi kumeza mate ilikuwa shughuli. Ngozi ya viganja ilibadilika rangi, ikachunika. Nililala sana. Niliporuhusiwa kutoka, nyumba za Pearland zilikuwa zimeshawashwa taa za Krismasi, nami nilikuwa nimepungua kiasi kwamba mkanda wa gari ulinikaa kama wa mtoto.

Hapo ndipo zikaanza zile siku ninazoziita nzuri.

Wifi alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini, jirani yake Mkongo, Mama Gracia, akibaki na simu karibu endapo nitamhitaji. Chumba changu kilitazama ua wa nyuma, wenye uzio wa mbao na mti mmoja wa pekani uliobaki matawi matupu. Mvua ya Houston wakati wa baridi inafanana na ya Tukuyu: haina haraka, inakaa tu, na ukungu unalala juu ya mabati ya jirani hadi saa sita mchana. Wengine wanasema hali hiyo inawaumiza moyo. Mimi ilinipeleka kwetu. Nilivaa gauni la sufi, nikajifunika khanga mbili juu ya blanketi, nikaketi mezani dirishani.

Lusajo alikuwa amepakia madaftari yangu yote kwenye sanduku. Nilichagua moja lenye jalada la kitambaa cha kijani. Nikashika kalamu, ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Wifi aliporudi jioni alinikuta nimelilaza lile daftari kifudifudi. Alioga kwanza, kama alivyofanya kila siku kabla ya kuingia chumbani kwangu, akarudi na bandeji ya kuvuta, ile wanayofungia vifundo vya miguu. Akaizungusha kwenye kalamu hadi ikawa nene kama gunzi.

"Shika hivi. Usibane na vidole, kumbatia na kiganja chote."

Nikashika. Nikaandika jina langu. Lilikuwa kubwa na limepinda, la mtoto wa chekechea.

"Mwandiko wa aibu," nikasema.

"Kwani unaombea kazi?"

Basi nikaandika kila siku. Sikuandika mambo makubwa. Niliandika kwamba nimekunywa mtori nikamaliza bakuli. Niliandika kuhusu kindi aliyekuwa akifukia kokwa za pekani kwenye chungu cha maua cha wifi na kusahau alikofukia. Niliandika rangi ya mbingu, na kwa kuwa nilikuwa na wino za rangi, nikatafuta ipi inafanana: kijivu cha asubuhi, kijivu cha mchana, kile cha zambarau kinachotangulia baridi kali. Nikichoka nilipanga bahasha kwa ukubwa. Hakuna aliyeniharakisha. Tangu nimefika Marekani sikuwahi kuwa na asubuhi isiyodaiwa na mtu, na sasa nilikuwa nazo nyingi kwa mfululizo. Mwili uliniuma, ndiyo. Lakini kuna namna ya kuumwa huku unapendezwa, na sikuijua kabla.

Kusoma ndiko kulikotuletea matatizo. Lusajo alinibebea boksi la vitabu vyangu vya Kiswahili, vya zamani, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Wifi aliliona boksi akalizuia mlangoni.

"Hivi haviingii. Vumbi, ukungu, sijui nini. Kinga yako iko zero, wifi."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Usi-touch kabisa."

Nilikasirika kuliko nilivyokasirikia ugonjwa wenyewe. Nilimgeuzia mgongo, nikajifunika. Nikamsikia akiondoka, kisha akirudi, kisha kiti kikivutwa ukumbini. Nilipogeuka nilimwona amekaa nje ya mlango wa chumba, amevaa barakoa na glovu za kazini, kitabu kimefunguliwa magotini.

"Kaa hivyo hivyo," akasema. "Nitakusomea."

Ilikuwa hadithi ya upelelezi. Mwanzoni alisoma vibaya, kama anayesoma matangazo ya msiba. Alikuwa hajasoma kitabu cha Kiswahili tangu sekondari. Akifika penye neno gumu alisimama akalibishia. Lakini ukurasa baada ya ukurasa sauti yake ikapata njia. Akaanza kuwagawia wahusika sauti, mpelelezi ya kwake, mwizi ya kwake. Ilifika mahali nikasema nimechoka, tuendelee kesho, naye akasema sawa, lakini hakuinuka. Aliendelea kusoma kimya, peke yake, miguu juu ya kiti kingine.

"Wifi, unasoma mbele."

"Naangalia tu."

Asubuhi yake nilimsikia akimwambia Mama Gracia uani kwamba yule mke mdogo wa kwenye hadithi ndiye muuaji, yeye ameshamjua. Hakuwa yeye, lakini hayo tuliyajua baadaye.

Lusajo alikuja kila Jumamosi kwa barabara ya 45, na Atu alikuja naye. Kwa kuwa mafua ya shuleni yangeweza kuniangusha, Atu hakuruhusiwa ndani. Alipaswa kusimama uani, tuongee kwa simu tukitazamana dirishani. Jumamosi ya kwanza hakutoka garini. Jumamosi ya pili alitoka, akasimama, akatazama viatu vyake.

"Hujambo mwanangu?"

"I'm fine."

"Shule?"

"It's fine."

Ana miaka kumi na minne, na kila nilichosema kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza, kwa neno moja au mawili. Lusajo alimgombeza palepale kwenye majani, kwamba mama yako mgonjwa na wewe unajibu hivyo. Mimi nikamgombeza Lusajo kwa simu, wifi akatoka akatugombeza wote. Wakarudi Mansfield bila kula. Jioni Lusajo alinipigia, akasema amepungua hadi suruali zinamvuka, Atu hali mezani, na yeye hajui aanzie wapi. Ndiyo mara ya kwanza aliniambia ukweli tangu niondoke. Kabla ya hapo kila siku alisema wako salama. Nililia, lakini nilimshukuru. Ukiwa mgonjwa watu hukuficha mambo ili usiumie, na kule kufichwa ndiko kunakukumbusha kwamba hupo nyumbani.

Nikachukua daftari jipya kutoka kwenye sanduku, la jalada la manjano. Ukurasa wa kwanza nikaandika kwa ile kalamu yangu ya bandeji: "Atu, sina cha kusema. Nataka tu uone mwandiko wangu ulivyoharibika." Nikampa wifi alipanguse kwa kitambaa chenye dawa, akamkabidhi Lusajo Jumamosi iliyofuata.

Lilirudi baada ya wiki. Chini ya maneno yangu Atu alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba kweli, inaonekana kama kuku amepita, na akamchora huyo kuku. Nilimtazama yule kuku siku nzima. Nikamjibu. Naye akajibu. Mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza, daftari likienda na kurudi na baba yake. Aliniuliza "kindi" ni mnyama gani. Aliniuliza mbona naandika juu ya chakula kila siku. Kisha wiki moja, katikati ya ukurasa, bila utangulizi, akaniuliza kama naogopa. Nikaandika, ndiyo, hasa asubuhi kabla sijafungua pazia. Nilisita kumpa jibu hilo mtoto. Jumamosi iliyofuata alisimama karibu kabisa na dirisha, akaweka kiganja kwenye kioo, nami nikaweka changu upande wa ndani. Kwa sababu ya ganzi sikuhisi baridi ya kioo. Nilimwambia, akacheka kidogo, na hakutazama viatu.

Halafu ikaja siku ya barafu. Wanaoishi Texas wanazijua siku hizo: mabomba yamefungwa vitambaa, maji yameachwa yadondoke kwenye sinki, shule zimefungwa. Asubuhi wifi alinipima joto la mwili akatazama kipimo mara mbili. Nilikuwa na homa. Kwa mtu mwenye hali yangu homa haisubiri, na watu wa gari la wagonjwa walisema litachelewa.

"Vaa viatu," akasema. "Nita-drive mwenyewe."

Alinifunga mablanketi, akaniingiza kwenye gari. Barabara iling'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Madaraja ya juu yalikuwa yamefungwa, tukapita njia za chini, polepole kuliko mtu anayetembea. Magari mengine yalikuwa yameegeshwa hovyo kwenye mitaro. Mimi nilikuwa natetemeka hadi meno yanagongana, na macho yalitaka kufumba.

"Wifi, usilale. Unanisikia? Nikumalizie kile kitabu."

"Si ulisema tutamaliza pamoja."

"Nimeshakimaliza. Nilikimaliza juzi. Sikiliza sasa."

Akanisimulia. Mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele, akanisimulia jinsi mpelelezi alivyorudi kwenye ile nyumba, jinsi mlinzi alivyojikanyaga katika maneno yake, nani alikuwa amempenda nani. Alisimulia kwa sauti zote. Kwenye taa nyekundu, gari likiteleza taratibu upande, aliendelea na sauti ya mlinzi bila kukatisha. Nikagundua kwamba sehemu nyingine anatunga, kwa sababu mtu aliyekufa sura ya pili alifufuka akaanza kutoa ushahidi. Nikamwambia. Akasema, "Nyamaza usikilize, ndiyo utamu wenyewe." Tulipofika mlango wa dharura alizima gari, akaweka paji la uso kwenye usukani kwa muda mfupi, kisha akashuka kunitafutia kiti cha magurudumu. Ndipo nilipoona mgongo wa sweta yake umelowa jasho, nje maji yameganda.

Walinilaza siku kadhaa. Kulikuwa na maambukizi, na siku ya pili daktari aliongea na wifi ukumbini kwa sauti ya chini, nikajua hali si nzuri. Lusajo hakuweza kuja, barabara kutoka Dallas ilikuwa imefungwa. Alipiga simu kila baada ya muda mfupi, tukisikilizana tu pumzi. Jumamosi, siku ambayo daftari lilipaswa kufika, Atu alichukua simu ya baba yake.

"Mama, daftari haiwezi kuja. So nitakusomea."

Akanisomea. Ukurasa ule alikuwa ameuandika kwa Kiswahili. "Leo mimi nimepika wali. Wali imeungua. Baba amekula yote na amesema ni mzuri, lakini Baba anadanganya. Mbwa ya jirani imeingia nyumba yetu kwa sababu ya baridi, na imelala kwa kitanda yako. Mimi sijaitoa." Nikamsikia akigeuza ukurasa. "Mama, mimi pia naogopa asubuhi."

Wifi alikuwa amekaa pembeni yangu na sare zake za kazi, simu ikiwa kwenye spika. Alikuwa mtu wa kusahihisha ngeli za watoto wa kila mtu. Hakusahihisha kitu. Aliomba Atu asome tena tangu mwanzo.

Homa ilishuka. Nikarudi Pearland, dirishani kwangu, na siku za kimya zikaendelea hadi ule mti wa pekani ulipoanza kuchipua. Siku ya majibu ya skani tulikaa chumba cha kusubiri mimi, Lusajo na wifi, kila mmoja akijifanya anasoma. Daktari aliingia akasema haoni kitu. Lusajo akamwomba arudie. Akarudia. Wifi alisema "Haya," akainuka, akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, na hakurudi hadi tulipomfuata ukumbini, amegeukia ukuta.

Nawaambia wenzangu mnaoanza sasa: msingojee kupona ndipo mfurahi. Chukueni kile mnachokipenda, hata kama mikono haikubali, kiwekeni karibu na kitanda. Mwacheni anayewapenda awapende kwa ukali wake kama ndivyo anavyoweza. Na mwambieni mtoto ukweli, kwa kiasi chake.

Mimi sijarudi kuwa vilevile. Vidole bado vina ganzi, kazi nafanya nusu siku. Lakini baridi imeingia tena, na Jumamosi naweka meza yetu hapa Mansfield tayari: chai ya tangawizi, karatasi, kalamu, vitabu. Atu huja na vyake akakaa upande wa pili. Wiki iliyopita alikuja pia dada mmoja Mkenya kutoka Cedar Hill, Mama Njeri, aliyeanza dripu mwezi huu. Lusajo anafanya kazi na mumewe. Alikuja na kofia ya sufi na barakoa, akaniambia mlangoni kwamba yeye si mtu wa kuandika, amekuja tu kutoroka simu za watu wa kumpa pole.

"Si lazima uandike," nikamwambia.

Alichagua karatasi laini ya rangi ya maziwa, akaishika muda mrefu bila kuandika chochote. Mvua ilinyesha. Atu alisoma. Tulikaa hivyo mchana wote, na kama kuna mtu aliyesema kitu basi ni kuomba sukari. Alipoinuka kuondoka alifunga koti lake polepole, kifungo kwa kifungo.

"Jumamosi ijayo utakuwa hapa?" akaniuliza.

Kwa zaidi ya mwaka mzima mtu akinitajia wiki ijayo nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

"Nitakuwepo," nikasema. "Uje mapema, chai ikiwa moto."